Satsuki Fujisawa wa kelingi: bingwa wa Japani miaka yote hiyo, mbona Olimpiki ni mbili tu?

Mchungulizi

Habari zenu wakuu. Wanaofuatilia kelingi, ule mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu, naomba mnifungue macho kuhusu huyu dada wa Kijapani, Satsuki Fujisawa. Nikiangalia rekodi yake kuna mambo hayakai sawa.

Amezaliwa 1991 na amechukua ubingwa wa Japani 2011, 2012, 2013 na 2014 mfululizo. Lakini Sochi 2014 hayumo. Anaibuka PyeongChang 2018 na shaba, Beijing 2022 na fedha, halafu Milano Cortina 2026 hayumo tena. Alikuwa anaachwa na makocha, au aliumia?

La pili, Olimpiki zote mbili alizopata medali, hatua ya makundi Japani ilishinda mechi 5 na kufungwa 4. Unafungwa mechi 4 kati ya 9 halafu unavaa medali, hesabu yake ikoje? Beijing niliwaona wanalia baada ya kufungwa na Uswisi, dakika chache baadaye wanaruka kwa furaha.

La tatu, nahodha anafanya nini hasa zaidi ya kusimama kule mbele na fagio na kupiga kelele?

Bi Takwimu

Nianze na la kwanza, maana ndilo linaloeleza maisha yake yote ya uchezaji. Hakuachwa na kocha na hakuumia. Japani haiiti wachezaji mmoja mmoja kuunda timu ya taifa ya kelingi kama tunavyozoea kwenye soka. Inateuliwa klabu nzima. Zinapambanishwa klabu bora, inayoshinda inakwenda na wachezaji wake, nahodha wake na kocha wake. Ukiwa mchezaji bora nchini lakini klabu yako ikafungwa kwenye mchujo, unatazama Olimpiki kwenye televisheni kama mimi na wewe.

Yale mataji manne ya 2011 hadi 2014 aliyachukua akiwa nahodha wa Chubu Electric Power, timu ya kampuni ya umeme yenye maskani Karuizawa, mkoa wa Nagano. Yeye mwenyewe ni mtoto wa Kitami, Hokkaido, kaskazini kabisa. Mchujo wa Sochi ulifanyika Sapporo Septemba 2013. Chubu walifika wakiwa mabingwa watetezi wa nchi, wakafungwa na Hokkaido Bank ya Ayumi Ogasawara, mama aliyekuwa ameshacheza Olimpiki kabla ya hapo. Ogasawara akaenda Sochi, akamaliza nafasi ya 5. Kwa hiyo ubingwa wa taifa na tiketi ya Olimpiki ni vitu viwili tofauti, na tiketi huamuliwa kwa siku chache tu.

Mwaka 2015 akaondoka Chubu, akarudi nyumbani Kitami kujiunga na Loco Solare. Klabu hiyo ilianzishwa 2010 na Mari Motohashi, aliyecheza Olimpiki za Torino 2006 na Vancouver 2010 akiwa na Timu ya Aomori. Motohashi alirudi kwao Tokoro, mji mdogo wa uvuvi kando ya Bahari ya Okhotsk ambao tangu 2006 ni sehemu ya Kitami, akakusanya wasichana wa hapohapo. Yumi Suzuki na Yurika Yoshida walikuwemo tangu siku ya kwanza. Chinami Yoshida, dada yake Yurika, alikuja 2014 baada ya kuachwa na Hokkaido Bank, aliyokwenda nayo Sochi kama mchezaji wa akiba. Fujisawa akawa wa mwisho kuingia. Motohashi mwaka huo alikuwa anatarajia mtoto, hivyo unahodha ulikuwa wazi.

Matunda yalikuja haraka kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Machi 2016, Swift Current, Kanada, walifika fainali ya dunia na kufungwa 9-6 na Uswisi ya Binia Feltscher. Ilikuwa medali ya kwanza ya Japani kwenye ubingwa wa dunia wa kelingi.

Sasa angalia mchujo ulivyomzungusha. Septemba 2021, Wakkanai, alikutana na Hokkaido Bank, safari hii chini ya Sayaka Yoshimura. Anayefikisha ushindi wa 3 ndiye anakwenda. Loco Solare wakafungwa mbili za kwanza. Wakashinda tatu zilizofuata. Hapo bado hawajaingia Beijing, maana Japani ilikuwa haijapata nafasi. Ikabidi Desemba waende Leeuwarden, Uholanzi, kwenye mashindano ya mwisho ya kufuzu, wakaifunga Korea Kusini 8-5 ndipo wakapenya. Septemba 2025, Wakkanai hiyohiyo, Yoshimura akarudi na timu ileile iliyokwisha kupoteza udhamini wa benki na kujiita Fortius. Wakachukua tiketi wao. Hiyo ndiyo sababu ya 2026.

Kwa ninavyoona mimi, kuhama Chubu ndio uamuzi mkubwa kuliko wote alioufanya. Mfumo unapobeba klabu nzima, kipaji chako kina thamani ya wale watatu unaocheza nao.

FagioZito

Bi Takwimu kamaliza la kwanza, mimi nichukue la tatu, halafu la pili litaeleweka lenyewe.

Uwanjani kuna wachezaji 4. Mechi inagawanywa katika raundi zinazoitwa endi. Kila mmoja anasukuma mawe 2 kwa endi, yaani mawe 8 kwa timu na 16 kwa jumla. Endi ni 10. Jiwe ni la matale, uzito kati ya kilo 17.24 na 19.96. Kutoka kitovu cha upande mmoja hadi kitovu cha upande wa pili ni mita 34.75, na nyumba, yaani yale maduara unayoyaona, ina nusu kipenyo cha mita 1.83. Mwisho wa endi, timu yenye jiwe karibu zaidi na kitovu ndiyo pekee inayopata pointi, na inahesabu kila jiwe lake lililo karibu kuliko jiwe bora la mpinzani. Aliyepata pointi anapoteza haki ya jiwe la mwisho kwa endi inayofuata. Hilo la jiwe la mwisho ndilo roho ya mchezo.

Namba moja wa Loco Solare ni Yurika Yoshida, namba mbili ni Suzuki, namba tatu ni Chinami Yoshida, namba nne ni Fujisawa, anayesukuma mawe mawili ya mwisho. Kwa mawe sita ya mwanzo yeye anasimama kwenye nyumba ya mbali na kuweka fagio lake kama shabaha. Lile fagio halioneshi jiwe litafika wapi. Linaonesha jiwe lielekezwe wapi ili likipinda lifike panapotakiwa. Jiwe likizungushwa kwa kufuata mwendo wa saa linapinda kulia kwa aliyelisukuma, likizungushwa kinyume linapinda kushoto. Kwenye barafu nzuri ya mashindano linaweza kupinda zaidi ya mita moja kabla ya kusimama. Nahodha akikosea kukadiria kwa sentimita 20, msukumaji akafanya kila kitu sawasawa, jiwe linagonga kinga, yaani jiwe lililowekwa mbele ya nyumba kuziba njia, badala ya kupita pembeni yake. Lawama zinamwendea msukumaji, kosa ni la nahodha.

Na barafu haitulii. Kabla ya mechi fundi hunyunyizia matone ya maji yanayoganda kuwa vipele vidogo, na jiwe linateleza juu ya vipele hivyo likigusa kwa ukingo mwembamba wa duara chini yake. Mawe yakipita pale pale endi baada ya endi, vipele vinasagika. Katikati panakuwa na kasi tofauti na pembeni ambako hakupitwi sana. Jiwe la endi ya 2 na jiwe la endi ya 9, kwa nguvu ileile na shabaha ileile, haviishii mahali pamoja. Nahodha mzuri anabeba ramani hiyo kichwani, tena anaibadilisha kila jiwe linapopita, la mpinzani likiwemo.

Zile kelele sasa. Kuna watu wawili wenye habari tofauti. Mfagiaji aliye pembeni ya jiwe anajua kasi, kwa sababu anakimbia nalo na wengi hupima kwa saa ya mkononi. Nahodha aliye mbele anajua mstari, kwa sababu analiona linakuja usoni. Mfagiaji anataja kasi kwa namba. Kwa timu nyingi 1 hadi 3 ni mbele ya nyumba, yaani mawe ya kinga, 4 ni ukingo wa juu wa duara la nje, 6 ni juu kidogo ya kitovu, 7 ni kitovuni au nyuma yake kidogo, 10 ni limepitiliza nje ya nyumba. Nahodha anajibu kwa kuamuru kufagia au kuacha. Kufagia kunapasha barafu joto kidogo, msuguano unapungua, jiwe linakwenda mbali zaidi, hata mita 3 hivi za ziada, na kupinda kwake kunapungua. Sasa tatizo: jiwe lina kasi pungufu lakini linaelekea kugonga kinga kwa sababu halijapinda vya kutosha. Ukifagia lifike, halipindi. Ukiacha lipinde, halifiki. Uamuzi huo unafanywa ndani ya sekunde moja au mbili, na ndiyo maana Loco Solare wanaongea bila kunyamaza. Timu inayonyamaza hugundua kosa wakati hakuna la kufanya.

Juu ya hayo kuna saa. Kila timu ina dakika 38 za kufikiri kwa mechi nzima. Ukizimaliza umefungwa mchezo, hata ukiwa unaongoza.

MtaaWaSaba

Kuhusu ushindi 5 na vipigo 4, mkuu Mchungulizi, hakuna muujiza. Timu ni 10, kila moja inacheza 9, zinazofuzu nusu fainali ni 4. Ushindani ukiwa mkali, 5 zinatosha. PyeongChang ilikuwa hivi: Korea Kusini 8, Uswidi 7, Uingereza 6, Japani 5, na waliobaki wote chini ya 5. Japani ikawa ya nne peke yake. Tena lile pigo moja la Korea kwenye makundi ni Japani waliolitoa, 7-5. Wakakutana tena nusu fainali, Japani ikasawazisha 7-7 endi ya 10 kwa kuiba pointi, yaani kupata pointi bila kuwa na jiwe la mwisho, ikafungwa 8-7 endi ya nyongeza kwa jiwe la mwisho la nahodha wa Korea, Kim Eun-jung.

Beijing ndipo penye utamu. Uingereza, Japani na Kanada zote zilimaliza na ushindi 5. Nafasi zilizobaki ni 2. Miaka ya nyuma wangecheza mechi ya mtoano, lakini kuanzia Beijing mechi hizo zilifutwa. Kwanza wanaangalia walivyofungana wenyewe kwa wenyewe: Japani iliifunga Kanada, Kanada ikaifunga Uingereza, Uingereza ikaifunga Japani. Hakuna kitu. Ndipo inakuja kanuni ya mawe ya kabla ya mechi, ambayo kazi yake ni kama tofauti ya magoli kwenye ligi.

Kila mechi, mazoezi ya kupasha yakiisha, kila timu inasukuma mawe 2 kuelekea kitovu: moja kwa kuzungusha kufuata saa, la pili kinyume. Kufagia kunaruhusiwa. Umbali wa kila jiwe kutoka kitovu unapimwa kwa sentimita. Ukijumlisha umbali wa mawe hayo mawili, mwenye jumla ndogo anachagua kuwa na jiwe la mwisho endi ya kwanza. Jiwe lisiposimama ndani ya nyumba linaandikiwa karibu mita 2, adhabu nzito. Makundi yakiisha wanachukua wastani wa mawe yote, mabaya kabisa yakiondolewa kwa utaratibu uliowekwa, na wastani huo unapanga waliofungana. Na hamruhusiwi kumtumia mtu mmoja hodari kila siku. Kila mchezaji anatakiwa kusukuma idadi fulani ya chini.

Kwa hiyo walipofungwa 8-4 na Uswisi walidhani wametoka. Wastani wao ukawa bora kuliko wa Kanada. Uingereza ya tatu, Japani ya nne, Kanada nje. Kilio kile cha kwanza kilikuwa cha kuaga, cha pili kilikuja kocha J. D. Lind alipowaambia wamepita. Siku ya pili yake wakaifunga Uswisi hiyohiyo 8-6 nusu fainali. Uswisi ilikuwa imeshinda 8 kati ya 9.

Wengi huona yale mawe mawili ya kabla ya mechi ni ya kujifurahisha. Kanada waliondoka Beijing kwa ajili yake.

Mchungulizi

Bi Takwimu, FagioZito, MtaaWaSaba, shukrani. Naona mwanga. Nina mawili ya nyongeza. Shaba ya 2018 wanasema Uingereza ilijifunga yenyewe, ni kweli? Na fainali ya 2022 mbona walipeana mikono kabla endi ya 10 haijachezwa?

FagioZito

"Ilijifunga yenyewe" ni lugha ya wasiocheza, lakini naelewa inatoka wapi.

Matokeo yalikuwa 3-3. Endi ya 9 Japani ikapata 1, 4-3. Maana yake endi ya 10 jiwe la mwisho ni la Uingereza, yaani la nahodha wao Eve Muirhead. Ukiwa mbele kwa 1 bila jiwe la mwisho, lengo lako ni mpinzani apate 1 tu, ili muende endi ya nyongeza na jiwe la mwisho likiwa lako. Kitu usichotaka ni apate 2. Fujisawa alipomaliza jiwe lake la mwisho, hakuwa ameufunga mlango. Muirhead aliona nafasi ya kugonga na kupata 2 ili mechi iishe hapo, akaichukua. Jiwe lake likafika na kugonga, lakini mawe ya Japani yakagongana na moja likasukumwa likatulia karibu na kitovu kuliko jiwe lolote la Uingereza. Pointi ikawa ya Japani, 5-3, medali ya kwanza ya Japani katika kelingi ya Olimpiki.

Kinachoharibika katika mapigo ya aina hiyo ni pembe. Mawe mawili yakigusana ubavuni, tofauti ya sentimita 1 mahali pa kugusa inabadilisha kabisa jiwe la pili linakokwenda, na ukiwa na la tatu nyuma yake kosa linazidishwa tena. Uamuzi wa Muirhead haukuwa mbaya. Mimi ningempangia jiwe hilohilo.

Fainali ya Beijing ni Muirhead huyohuyo. Endi ya 7 Uingereza ikapata 4 kwa mkupuo, mechi ikaisha kiakili pale. Baada ya endi ya 9 ilikuwa 10-3. Kila timu ina mawe 8 tu kwa endi, na unahitaji pointi 7 kusawazisha. Mpinzani anachotakiwa kufanya ni kugonga kila jiwe unaloweka. Sheria inaruhusu kukubali kushindwa mkiwa mmeshacheza idadi ya chini ya endi, na desturi ya mchezo ni kumpa mkono mpinzani badala ya kumchosha.

Bi Takwimu

Kuna mtu hajatajwa na bila yeye zile sentimita za MtaaWaSaba hazielezeki: mchezaji wa tano. PyeongChang alikuwa Motohashi mwenyewe, mwanzilishi wa klabu. Beijing alikuwa Kotomi Ishizaki, miaka 43, aliyecheza Salt Lake City 2002 na Vancouver 2010.

Mawe ya mashindano ni ya waandaaji, timu haiji na yake. Yanafanana kwa macho lakini kila moja lina tabia: hili linapinda zaidi, lile linakwenda mbali kwa nguvu ileile. Usiku, mechi zikiisha, timu zinapewa muda mfupi kwenye njia watakayochezea kesho. Anayebaki kusukuma mawe hayo ni wa tano pamoja na kocha, ili wanne walale. Anayasukuma moja baada ya jingine, anaandika, kisha anayapanga mawili mawili yenye tabia inayokaribiana na kuamua nani apewe yapi. Kwa kawaida pea inayoaminika zaidi inakwenda kwa namba nne, yaani Fujisawa, na jiwe lenye wazimu linapelekwa kwa namba moja, ambaye mara nyingi anaweka kinga na kosa lake linarekebishika. Daftari hilo likikosewa, asubuhi unaona nahodha mwenye uwezo wote anaacha mawe mafupi kwa mita nzima na watazamaji wanasema presha imemshinda.

Na kwa anayesema Loco Solare ni timu ya Olimpiki tu: Januari 2023 walishinda Canadian Open kule Camrose, Alberta, kwa kumfunga Mkanada Kerri Einarson 5-3 fainali. Ni timu ya kwanza kutoka Asia kushinda taji la mfululizo wa Grand Slam, na walilichukua Kanada, mbele ya Wakanada. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko ile shaba. Mataji ya Japani nayo, ukiongeza 2016, 2020, 2022 na 2023 juu ya yale manne ya Chubu, yanafika 8.

MtaaWaSaba

Niongeze dogo kwa Mchungulizi akitaka kumtazama Fujisawa kwa jicho la kujifunza. Usianze na mawe yake, anza na ya namba moja. Loco Solare wakiwa nyuma, Yurika anaweka kinga mbili mbele ya nyumba, endi inajaa mawe na Fujisawa anapata nafasi ya kupenyeza jiwe nyuma yake. Wakiwa mbele, jiwe la kwanza linaingia nyumbani moja kwa moja na kila kinachofuata kinagongwa kitoke. Kumbuka tu kwamba siku hizi mawe ya kinga yaliyo nje ya nyumba hayaruhusiwi kutolewa mchezoni mpaka mawe 5 yawe yameshasukumwa. PyeongChang ilikuwa 4. Ukiangalia mechi ya 2018 ukashangaa kinga inaondolewa mapema, sheria ndiyo iliyokuwa tofauti.

Mchungulizi

Nimeelewa mkuu. Hilo la mawe 4 na 5 lilikuwa swali langu linalofuata.